Marafiki na Jela Waliyoijenga kwa Nia Njema

Wataalamu wa lugha hutuambia kwamba neno "gereza" tulilipata kwa Wareno, na kwamba kwao lilikuwa na maana ya kanisa. Ndani ya Ngome ya Yesu pale Mombasa mlikuwa na kanisa. Watu wa pwani wakaiita ngome yote kwa jina la kile kilichokuwamo. Na kwa vile ngome ndimo watu walimofungiwa, neno likaishia kwenye maana tunayoijua leo. Waingereza nao waliitumia ngome hiyo hiyo kama jela kuanzia mwaka 1895 hadi 1958.

Kwetu sisi hayo ni maneno ya kupigia soga barazani. Lakini huko Marekani kuna jela iliyotoka kanisani hasa. Iliasisiwa na watu wacha Mungu, wapole, waliochukia damu na kiboko, ikaja kuwa mojawapo ya adhabu kali zaidi ambazo binadamu amewahi kubuni. Watu hao ni Marafiki, ambao ulimwengu umezoea kuwaita Wakweka. Na warithi wa imani yao leo wamo miongoni mwa wale wanaopiga kelele zaidi kupinga jinsi nchi ile inavyowajaza watu weusi magerezani.

Msikilizaji, jambo hili ni rahisi kulisimulia vibaya. Wako wanaowasifu Marafiki kana kwamba walizaliwa wakipinga dhuluma. Wako pia wanaowacheka, wakisema watu hawa wanazima moto waliouwasha wenyewe. Mimi naona pande zote mbili zimekosea, ingawa wa pili wana haki kidogo kuliko wa kwanza.

Msikilizaji wa Vihiga au Kakamega hana haja ya kuelezwa Marafiki ni akina nani. Wamishenari watatu kutoka Marekani walifika Kaimosi mwaka 1902, na leo Kenya ina Marafiki wengi kuliko nchi nyingine yoyote duniani, zaidi ya laki moja, ilhali Marekani kwenyewe hawafikii idadi hiyo. Hata hivyo ibada ya Kaimosi si ile ya Philadelphia. Wetu wana wachungaji, huimba na kuhubiri. Wale wa Philadelphia, kwa desturi ya kale, huketi kimya saa nzima bila mchungaji, hadi mmoja wao aguswe rohoni asimame aseme. Aidha, wanapoamua mambo yao hawapigi kura. Husubiri mpaka wote wawe na nia moja. Utaratibu huo una uzuri wake, lakini una hatari yake pia, kwamba wachache wasiotaka jambo, hasa wakiwa matajiri, wanaweza kulikalia miaka na mikaka.

Jela waliijua tangu mwanzo. Mwanzilishi wao, George Fox, alifungwa mara kadhaa huko Uingereza katika karne ya 17, na maelfu ya wafuasi wake wakafungwa kwa kosa la kukusanyika kusali nje ya kanisa la serikali, kukataa kula kiapo, au kukataa kumvulia kofia mkubwa. William Penn, aliyepewa na mfalme ardhi ya Pennsylvania mwaka 1681, alikuwa amelala katika jela ya Newgate mjini London. Ndiposa sheria zake za mwaka 1682 zikaondoa adhabu ya kifo kwa makosa karibu yote isipokuwa uuaji, wakati ambapo Uingereza ilikuwa ikinyonga watu hata kwa wizi.

Penn huyo huyo alikuwa na watumwa katika shamba lake.

Na hakuwa peke yake. Marafiki wengi wenye mali, huko Pennsylvania, New Jersey na katika visiwa vya Karibi kama Barbados, walinunua na kuuza Waafrika, kisha siku ya ibada wakaketi kimya na wenzao. Mwaka 1688, katika kijiji cha Germantown karibu na Philadelphia, wanaume wanne waliandika barua ya kupinga jambo hilo. Hoja yao ilikuwa nyepesi kueleweka: imeandikwa tuwatendee wengine kama tunavyotaka kutendewa, na hakuna mtu anayetaka kukamatwa na kuuzwa. Barua ikapelekwa kwenye mkutano wa mwezi. Mkutano wa mwezi ukasema ni jambo zito mno, ukaipeleka kwenye mkutano wa robo mwaka. Nao ukaipeleka kwenye Mkutano wa Mwaka. Na Mkutano wa Mwaka ukaiweka kando. Ikapotea katika makaratasi hadi mwaka 1844. Anayejua faili zinavyosafiri kutoka ofisi hadi ofisi hapa kwetu hatashangaa.

Miaka 50 baada ya barua ile, mwaka 1738, alitokea mtu mfupi sana wa kimo, mwenye kibyongo, jina lake Benjamin Lay. Alikuwa ameishi Barbados na kuyaona mateso ya watumwa kwa macho yake. Aliingia katika Mkutano wa Mwaka mjini Burlington amevaa koti kubwa, na ndani ya koti ana sare ya kijeshi, upanga, na kitabu chenye umbo la Biblia ambamo alificha kibofu kilichojaa maji mekundu ya matunda ya mwituni. Akasimama, akawashutumu wenye watumwa, akalitupa koti, akakichoma kitabu kwa upanga, na yale maji mekundu kama damu yakawarukia waliokuwa karibu. Walimtoa nje. Baadaye wakamkana kabisa kwamba si mwenzao.

Mwingine aliyeifanya kazi hiyo, lakini kwa upole, ni John Woolman, mshonaji nguo wa Mount Holly. Huyu alikwenda nyumba kwa nyumba kwa miaka mingi akizungumza na wenye watumwa, na alipohudumiwa na mtumwa alilipa pesa kwa huduma ile, jambo lililomwaibisha mwenyeji kuliko hotuba. Mwaka 1758 Mkutano wa Mwaka wa Philadelphia ulikubali kwamba anayenunua au kuuza watu asishirikishwe katika mambo ya mkutano. Mwaka 1776 ukaamua kwamba mwenye kumiliki mtumwa hawezi tena kuwa Rafiki. Tangu barua ya Germantown ilikuwa imepita miaka 88. Watu waliozaliwa watumwa katika mashamba ya Marafiki waliishi na kufa katika muda huo, huku wakubwa wa shamba wakisubiri kuwa na nia moja.

Sasa tuje kwenye jela.

Mwaka 1786 serikali ya Pennsylvania ilianza kuwatoa wafungwa nje kufagia barabara za Philadelphia, wamenyolewa vichwa, wamefungwa minyororo na vyuma vizito, na umati ukawa unakusanyika kuwazomea. Watu wenye huruma waliona haya. Mwaka 1787 waliunda chama cha kupunguza taabu za wafungwa. Haki itendeke: mwenyekiti wake wa kwanza alikuwa askofu wa Kianglikana, William White, na daktari mashuhuri Benjamin Rush, ambaye pia hakuwa Rafiki, alikuwa mmoja wa wenye mawazo mazito humo. Lakini Marafiki walikuwa wengi katika chama hicho, na wazo lenyewe linanukia ukimya wao. Wazo ni kwamba kila mtu ana nuru ya Mungu ndani yake. Mwizi amekuwa mwizi kwa sababu kelele za dunia na marafiki wabaya zimeizima nuru hiyo. Basi mwondoe kwenye kelele. Usimpige, usimnyonge, usimzomee. Mpe chumba safi, Biblia, na kazi ya mikono, akae peke yake kimya kama akaavyo Rafiki ibadani, na dhamiri yake itamwamsha. Jengo la namna hiyo wakaliita nyumba ya toba, na katika Kiingereza cha Marekani jina hilo la toba lingali linatumika kwa jela kubwa hadi leo.

Walianza na vyumba 16 katika jela ya Walnut Street mwaka 1790. Kisha, baada ya miaka mingi ya kushawishi, ikajengwa jela kubwa ya Eastern State nje kidogo ya mji, mojawapo ya majengo ghali zaidi nchini wakati huo. Kila mfungwa alikuwa na chumba chake, kiua chake kidogo chenye ukuta mrefu, na tundu juu ya dari la kuingizia mwanga, kama jicho la Mungu likimtazama. Chakula kilipitishwa kwenye kijidirisha. Alipotolewa nje ya chumba alivishwa kofia ya kitambaa iliyofunika uso, asimwone mtu wala asionwe. Jina lake liliachwa langoni. Ndani alikuwa namba.

Mfungwa namba moja aliingia tarehe 25 Oktoba 1829. Aliitwa Charles Williams, mkulima, umri miaka 18, na daftari la jela limemwandika kuwa mtu mweusi. Alihukumiwa miaka miwili kwa kuiba saa ya dola 20, muhuri wa dhahabu wa dola 3 na ufunguo wa dhahabu. Nyumba ya toba ilijengwa kwa ajili ya binadamu wote, lakini aliyeufungua mlango wake alikuwa kijana mweusi, na katika magereza ya Pennsylvania ya enzi hiyo watu weusi walikuwa wengi kupita sehemu yao katika idadi ya wakazi. Hao walikuwa watu huru au watoto wa watu waliotoka utumwani juzi tu, kwa maana sheria ya kuukomesha utumwa polepole katika jimbo lile ilipitishwa mwaka 1780. Hawakuwa na ardhi, hawakuwa na wadhamini, na kila macho yalikuwa juu yao.

Mwandishi Charles Dickens alipoitembelea Eastern State mwaka 1842 alitoka ameshtuka. Hakuwatuhumu waanzilishi wake kwa ubaya. Alisema walikuwa na nia njema ila hawakujua wanachokifanya. Mateso ya akili, aliandika, huzidi ya mwili, na kwa kuwa hayaachi kovu la kuonekana hakuna anayepiga yowe. Watu walirukwa na akili mle ndani. Hata hivyo mfumo ukaigwa. Mwaka huo huo wa 1842 London ilifungua jela ya Pentonville kwa mfano wa ile. Pennsylvania haikuuacha rasmi mfumo wa upweke hadi mwaka 1913, na sababu kubwa ilikuwa msongamano: vyumba vya mtu mmoja vilikuwa vimeshajazwa watu wawili watatu.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokwisha Marekani, Badiliko la 13 la Katiba lilikomesha utumwa mwaka 1865. Lakini lisome vizuri. Linakataza utumwa na kazi ya kulazimishwa isipokuwa kama adhabu kwa mtu aliyepatikana na hatia. Majimbo ya kusini yaliuona mlango huo ulioachwa wazi. Mtu mweusi asiye na kazi alikamatwa kwa uzururaji, akahukumiwa, kisha serikali ikamkodisha kwa mwenye shamba la pamba, mgodi au reli. Wengi walirudi kwenye mashamba yale yale.

Na Marafiki walikuwa wapi? Wengine, kama Levi Coffin wa Indiana, walikuwa wamehatarisha maisha yao wakiwaficha na kuwatorosha watumwa kwenda kaskazini hadi Kanada. Sifa hiyo wanastahili. Ila katika nyumba za ibada za Philadelphia hiyo hiyo kulikuwa na benchi la pembeni la kuketisha watu weusi. Mwalimu mmoja mweusi wa mji ule, Sarah Mapps Douglass, aliyehudhuria ibada zao tangu utotoni pamoja na mama yake, aliandika katika miaka ya 1830 jinsi ilivyomuuma kusikia mzungu akiambiwa asiketi pale maana hapo ni pa weusi. Kumtorosha mtumwa walikuwa tayari, lakini kuketi naye benchi moja wengi hawakuweza. Shule nazo zilikuwa hivyo hivyo: Sidwell Friends ya Washington, shule ya Marafiki ambamo mabinti wa Rais Barack Obama walisoma kuanzia mwaka 2009, haikuanza kupokea wanafunzi weusi hadi mwaka 1956.

Aliyeviunganisha vitu hivi viwili, ubaguzi na jela, katika mwili wake mwenyewe ni Bayard Rustin. Alikuwa mtu mweusi, amelelewa West Chester, Pennsylvania, na nyanya yake aliyekulia katika imani ya Marafiki. Alikataa kwenda Vita Vikuu vya Pili kwa sababu ya dhamiri, akafungwa kuanzia mwaka 1944 hadi 1946, na humo jela akaanzisha mgomo dhidi ya kutenganishwa kwa wafungwa weusi na weupe. Mwaka 1947 alipanda basi pamoja na wenzake, weusi wanane na weupe wanane, kupima kama majimbo ya kusini yanatii amri ya mahakama dhidi ya ubaguzi katika usafiri. Kwa kosa hilo alitumikia siku 22 mwaka 1949 huko North Carolina, katika kikosi cha wafungwa wa minyororo wanaotengeneza barabara. Ndiye aliyepanga maandamano makubwa ya Washington ya mwaka 1963 ambapo Martin Luther King alitoa hotuba yake mashuhuri. Hukumu ile ya North Carolina ilifutwa na mahakama mwaka 2022, miaka 35 baada ya Rustin kufariki.

Hapa, msikilizaji, naomba tuiache Marekani kwa dakika chache, kwa sababu Rafiki mwingine aliwahi kuingia jela za hapa kwetu, na habari zake hazisimuliwi inavyotakiwa. Jina lake Eileen Fletcher, Mwingereza. Alikuja Kenya mwishoni mwa mwaka 1954, wakati wa hali ya hatari, akaajiriwa na serikali ya kikoloni kama ofisa wa kurekebisha tabia za waliokamatwa. Hata neno hilo, kurekebisha tabia, ni mjukuu wa ile toba ya Philadelphia. Alikuta watu waliozuiliwa bila kufikishwa mahakamani, kazi ngumu, vipigo, na katika jela ya Kamiti wasichana wa miaka 11 na 12 waliohukumiwa kifungo cha maisha. Alijiuzulu baada ya miezi michache. Mwaka 1956 alichapisha aliyoyaona katika gazeti la wapenda amani huko Uingereza, kisha katika kijitabu, na bunge la London likalijadili jambo hilo mwezi Juni. Waziri wa Makoloni, Alan Lennox-Boyd, alizikana tuhuma nyingi na kumshambulia shahidi mwenyewe. Miaka mitatu baadaye, Machi 1959, wafungwa 11 walipigwa hadi kufa kule Hola. Uingereza haikukiri wazi kwamba Wakenya waliteswa katika kambi zile hadi Juni 2013, ilipokubali kuwalipa watu 5,228 pauni milioni 19.9.

Mama huyu hakutumwa na kanisa lake kuja kufichua chochote. Alikuja kufanya kazi ya mshahara ndani ya mfumo, akitumaini kuufanya uwe wa utu zaidi, akagundua kwamba mfumo wenyewe ndio ubaya. Swali alilolikuta Kamiti ndilo swali ambalo Marafiki wa Marekani wangelikuta kwao muda si mrefu.

Mwaka 1971 ulikuwa wa ajabu. Eastern State ilifungwa, imechakaa. Rais Richard Nixon alitangaza vita dhidi ya dawa za kulevya. Mwezi Septemba wafungwa wa Attica katika jimbo la New York, wengi wao weusi, waliasi, na serikali ilipoikomboa jela kwa risasi jumla ya waliokufa katika mkasa ule ikawa 43, wafungwa na walinzi. Na mwaka huo huo shirika la huduma la Marafiki wa Marekani, lile lililopata Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 1947 pamoja na wenzao wa Uingereza, lilitoa kitabu kuhusu uhalifu na adhabu ambacho kilikuwa kama ungamo. Baadhi ya walioshiriki kukiandika walikuwa wamewahi kufungwa. Kilisema kwamba lile wazo la kumtengeneza mfungwa hadi atubu, ambalo Marafiki walilisaidia kulizaa, limegeuka kuwa rungu. Mtu alikuwa akihukumiwa muda usiojulikana, mathalani mwaka mmoja hadi maisha, kisha kamati ikaamua kama ametengenezeka. Na mweusi au maskini alionekana kila mara kuwa bado hajatengenezeka. Wakapendekeza vifungo vijulikane tangu mwanzo, viwe sawa kwa wote, na viwe vifupi.

Wanasiasa walichukua nusu ya ushauri. Walipenda vifungo vijulikane tangu mwanzo. Ufupi wakautupa. California ilibadili sheria yake mwaka 1976, majimbo mengine yakafuata, na vifungo vikarefushwa mwaka baada ya mwaka. Sheria ya taifa ya mwaka 1986 iliweka kifungo cha miaka mitano kwa gramu 5 za kreki, kokeini ya vibonge iliyouzwa mitaa ya weusi, wakati kokeini ya unga, iliyopendwa na wazungu wenye pesa, ilihitaji gramu 500 ili kufikia kifungo hicho hicho. Uwiano huo wa mia kwa moja ulidumu hadi mwaka 2010, ulipopunguzwa kuwa 18 kwa 1. Haukuondolewa.

Tazama matokeo. Mapema katika miaka ya 1970 magereza ya Marekani yalikuwa na wafungwa laki mbili hivi. Kufikia mwaka 2008, ukijumlisha na walio katika jela za wilaya, walikuwa milioni 2.3, na leo bado ni karibu milioni 2. Watu weusi ni kama 13 kati ya kila Wamarekani 100, lakini ni karibu theluthi moja ya wafungwa. Philadelphia, mji wa Penn, ulikuwa na watu wapatao 300 waliohukumiwa kifungo cha maisha bila matumaini ya kutoka kwa makosa waliyoyafanya wakiwa watoto, wengi kuliko mji mwingine wowote, na wengi wao weusi. Ilibidi Mahakama Kuu ya nchi iseme mwaka 2012, na tena 2016, kabla ya kesi hizo kufunguliwa upya.

Marafiki wamelijibu jambo hili kwa njia tofauti, na hawakubaliani wao kwa wao. Mwaka 1975 wafungwa wa Green Haven, New York, waliwaomba Marafiki wa karibu wawasaidie kuwafundisha vijana jinsi ya kumaliza ugomvi bila ngumi. Ukazaliwa mpango wa mafunzo ya siku chache ambao mfungwa mwenyewe huwa mwalimu. Mpango huo ulifika Rwanda na Burundi baada ya mauaji ya miaka ya 1990, na hapa Kenya Marafiki wa magharibi waliutumia vijijini baada ya ghasia za uchaguzi wa mwaka 2007. Ni kazi nzuri. Lakini haipunguzi hata mfungwa mmoja, na wenyewe wanajua.

Wengine wakaenda mbali zaidi. Fay Honey Knopp, mama aliyejiunga na Marafiki na kuwatembelea wafungwa kwa miaka mingi, aliongoza kazi ya kitabu cha mwaka 1976 kilichotaka jela zisiboreshwe bali ziondolewe hatua kwa hatua: kwanza zisijengwe mpya, kisha waliomo watolewe, kisha njia nyingine zitafutwe ili wengine wasiingie. Marafiki wa Kanada walilikubali wazo hilo rasmi katika Mkutano wao wa Mwaka wa 1981. Marekani hawajafikia nia moja. Katika mikutano yao bado husimama mtu akauliza, na ana haki ya kuuliza, afanywe nini aliyembaka mtoto. Jibu la kuridhisha bado halijatolewa, ingawa wanaotaka jela ziondolewe hujibu kwamba jela nazo hazijamzuia.

Mahali wanapokaribia kukubaliana ni kwenye kifungo cha upweke. Kile walichokiasisi kilirudi kwa nguvu kuanzia miaka ya 1980, safari hii bila Biblia wala toba: jela kama Pelican Bay ya California, iliyofunguliwa mwaka 1989, ambamo mtu alikaa chumbani bila dirisha karibu saa 23 kwa siku, baadhi yao kwa miaka zaidi ya 10. Shirika la Marafiki lilikuwa miongoni mwa wa kwanza kukusanya barua za watu hao na kuzitangaza, na mtu hawezi kuzisoma barua hizo bila kumkumbuka Dickens. New Jersey, lile jimbo la Woolman, lilipitisha sheria mwaka 2019 kwamba mtu asifungiwe peke yake zaidi ya siku 20 mfululizo.

Kuhusu deni la utumwa, Marafiki wa Uingereza waliamua mwaka 2022 kwamba lazima walipe fidia kwa vitendo, si kwa maneno ya masikitiko. Na huko Germantown, mtaa ule ule wa barua ya 1688 ambao leo wakazi wake wengi ni weusi, mkutano mmoja mdogo wa Marafiki uliahidi dola 500,000 kwa muda wa miaka 10. Hawakuanza kwa kujenga mnara wa kumbukumbu. Waliwauliza majirani wanachohitaji, wakaambiwa kuhusu nyumba: familia nyingi zinakaa katika nyumba za mababu ambazo hati zake zingali na majina ya marehemu, na mwenye hati yenye kasoro hawezi kukopa wala kupata msaada wa kukarabati paa. Basi pesa za kwanza zikaenda kwa mawakili wa kurekebisha hati hizo, nyumba moja baada ya nyingine.